Tope la Mikoko na Hesabu ya Taifa: Kaboni ya Bahari ya Dar es Salaam Wakati wa Kipupwe

Mchoro wa mzunguko wa kaboni unafahamika kwa kila mwanafunzi wa sekondari aliyepita katika somo la biolojia. Upande mmoja pana mti, upande wa pili pana mnyama alaye majani, kati yao pana udongo, na juu ya vyote jua. Mishale hupanda na kushuka. Bahari, kama imetiwa humo, huwa ni ukanda wa buluu pembeni mwa ukurasa. Mwanafunzi wa Kunduchi au wa Mbagala aweza kuuchora mchoro huo bila kosa na kupata alama zote, wala asijue kwamba akiba kubwa ya kaboni katika ujirani wake imo katika tope lile jeusi analolikwepa ili asichafue viatu.

Kutojua huko si jambo dogo. Sensa ya mwaka 1978 iliwahesabu watu 843,090 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Ile ya mwaka 2022 iliwahesabu 5,383,728. Wote hao wanahitaji mahali pa kulala, na wengi wamejitafutia mahali hapo hadi kwenye mabonde ya mito na kandokando ya hori za bahari. Kutoka Mbweni na Kunduchi upande wa Kinondoni hadi Mtoni na Kijichi upande wa Temeke, jiji limeisogelea mikoko. Inapokatwa, tope lake hufukiwa kwa vifusi au huchimbwa mabwawa ya chumvi, na pale palipokuwa pa kaa na kamba huitwa kiwanja. Uamuzi wa namna hiyo hufanywa kwa hesabu moja tu, nayo ni bei ya ardhi. Hesabu ya pili, ya kile kilichomo ndani ya tope, haifanywi. Hapana budi ifanywe, na hakuna sababu ya kuwangoja wageni waje kuifanya.

Kipupwe si usingizi

Vitabu vingi vinavyoeleza habari za kaboni ya bahari vimeandikwa kwa kuzitazama bahari za nchi ambako mwaka hutawaliwa na baridi. Katika Bahari ya Kaskazini ya Ulaya, ambayo sehemu kubwa ya kusini yake haifikii kina cha mita 50, majira ya baridi ni majira ya njaa ya mwanga. Siku fupi kabisa ya mwaka mjini London ina mwanga wa jua kwa muda usiofika saa 8. Mimea midogo ielelayo majini, yaani planktoni, hupunguza usanisinuru hadi ukakaribia kukoma, ilhali bakteria huendelea kuozesha mabaki ya viumbe vya kiangazi. Pepo kali huyachanganya maji kutoka juu hadi chini, na hewa ya ukaa iliyotokana na uozo hupata njia ya kurudi juu. 

Pwani ya Dar es Salaam nayo ina majira yake ya baridi, ingawa mkazi wa London angeyacheka. Baada ya masika kwisha mwezi Mei, upepo wa kusi hushika. Juni hadi Agosti ni kipupwe, kisha huja demani, kusi linapolegea. Maji ya juu ya bahari, ambayo mwezi Machi hufikia nyuzi 29 au 30 za Selsiasi, hushuka hadi nyuzi 25 au 26. Mito ya Mpiji, Tegeta, Msimbazi, Kizinga na Mzinga, iliyokuwa ikimwaga tope baharini wakati wa mvua, hupungua maji. Mkondo wa bahari upitao pwani hii kwenda kaskazini huongeza kasi. Lakini jua haliondoki. Siku fupi kabisa ya mwaka katika Dar es Salaam ina mwanga wa takriban saa 11 na dakika 45. Kwa hiyo majani ya baharini hayalali, wala mikoko haipukutishi majani yake yote kama ifanyavyo miti mingi ya Ulaya. Kipupwe cha hapa si majira ya kuacha kazi. Ni majira ya kubadili kazi.

Badiliko la kwanza ni la kemia. Gesi huyeyuka zaidi katika maji ya baridi kuliko katika maji ya moto, kama ajuavyo kila aliyefungua chupa ya soda iliyoachwa juani. Katika maji ya bahari, kila joto lipunguapo kwa nyuzi 1, msukumo wa hewa ya ukaa inayotaka kutoka hupungua kwa takriban asilimia 4. Bahari ikipoa kwa nyuzi 4, msukumo huo hupungua kwa kadiri ya asilimia 15. Badiliko la pili ni la mwendo. Bahari iliyopo kati ya Dar es Salaam na Unguja haina kina kirefu. Ni makumi machache tu ya mita. Mawimbi ya kusi hufika hadi sakafu ya sehemu zake za kandokando na kuyainua mashapo. Chembe zilizokuwa zimezikwa mbali na oksijeni hukutana nayo tena, na sehemu ya kaboni yake huliwa na bakteria na kugeuzwa hewa ya ukaa. Hivyo kusi lina kazi mbili zinazopingana: huipoza bahari ikaishika gesi zaidi, na huivuruga sakafu ikaiachia.

Atakaye kujua kaboni hubaki wapi baada ya mvutano huo hana budi kuyaacha maji kwa muda na kulitazama tope.

Maji ni njia, tope ni ghala

Bahari zote za dunia kwa pamoja zina kaboni zaidi ya mara 40 ya ile iliyomo hewani, na karibu yote imeyeyuka katika maji. Katika kila sehemu 100 za kaboni hiyo iliyoyeyuka, takriban 90 ni bikaboneti, 9 ni kaboneti, na 1 tu ndiyo hewa ya ukaa yenyewe. Lakini maji ya pwani hayakai mahali pamoja. Wakati wa bamvua, bahari ya Dar es Salaam hupanda na kushuka kwa mita 3 na zaidi, mara mbili kila siku. Maji yaliyojaa katika hori ya Mtoni alfajiri huwa yametoka nje ya hori kabla ya adhuhuri. Kaboni iliyomo ndani ya maji hayo ni msafiri.

Mikoko humkamata msafiri huyo. Mkoko wenyewe, unaosimama juu ya mizizi iliyopinda kama matao. Mchu, ambao mizizi yake huchomoza topeni kama penseli. Mlilana, unaotangulia mbele kabisa ya bahari. Pamoja na muia, mkandaa na mkomafi: yote hutwaa hewa ya ukaa na kuifanya majani, mbao na mizizi. Majani huanguka, na kaa huyavuta hadi mashimoni mwao. Mizizi hufa palepale ardhini. Tope hilo limeloa daima, na oksijeni huishia karibu sana na uso wake. Chini ya hapo kazi ya kuozesha hushikwa na bakteria watumiao salfeti ya maji ya bahari. Bakteria hao huacha mabaki mengi ya mizizi na majani bila kuyamaliza, nao hutoa ile harufu ya mayai viza iliyowafanya watu wengi walidhanie tope la mikoko kuwa ni uchafu. Kwa mwenye kujua kemia, harufu hiyo ni dalili kwamba mlango wa ghala umefungwa.

Ukubwa wa ghala hilo umepimwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011, uliochunguza misitu 25 ya mikoko katika eneo la Bahari ya Hindi na ya Pasifiki, ulipata wastani wa tani 1,000 hivi za kaboni kwa hekta moja. Sehemu ya ardhini, badala ya ile ya miti, ilikuwa toka karibu nusu hadi zaidi ya asilimia 90 ya akiba yote. Hebu wastani huo ufanyiwe hesabu ya mitaani. Kiwanja cha mita 20 kwa 20 ni sehemu moja ya 25 ya hekta. Kwa hiyo kinabeba tani 40 za kaboni. Kila tani 12 za kaboni zikiungana na oksijeni hutoa tani 44 za hewa ya ukaa. Basi tani 40 za kaboni ni sawa na tani 147 hivi za hewa hiyo. Hata ikichukuliwa nusu tu ya wastani huo, kwa kuwa tope lililochanganyika na mchanga huwa na kaboni pungufu, bado ni zaidi ya tani 70 chini ya kiwanja kimoja. Si kaboni yote itakayotoka siku tope litakapokaushwa. Lakini likikauka oksijeni huingia, mlango wa ghala hufunguka, na kilichokusanywa kwa mamia ya miaka huanza kuvuja.

Haifai, hata hivyo, kulisifu ghala hili kupita kiasi. Kati ya uchunguzi muhimu uliofanywa juu ya jambo hili ni ule uliochapishwa mwaka 2008 kutoka misitu miwili ya Dar es Salaam yenyewe: Mtoni, uliozungukwa na jiji na taka zake, na Ras Dege, uliokuwa bado katika hali ya asili, ambao siku hizo ulikuwa katika Wilaya ya Temeke na sasa umo Kigamboni. Watafiti walipima gesi zitokazo topeni na katika maji ya hori. Waliona kwamba tope hutoa hewa ya ukaa mchana na usiku, na kwamba penye mizizi ya kupumulia na mashimo ya kaa hutoka gesi mara kadhaa zaidi wakati maji yamekupwa. Waliona pia kwamba maji yanapokupwa huyavuta maji yaliyomo ndani ya tope, yaliyojaa hewa ya ukaa, na kuyaingiza katika hori, ambako gesi hutoka kwa wingi. Methani, gesi inayohifadhi joto kwa nguvu zaidi, ilitoka topeni kwa kiasi kidogo mno, kadiri ya sehemu moja kwa elfu ya hewa ya ukaa.

Matokeo hayo yanafundisha jambo ambalo mchoro wa kitabuni hausemi. Tope la mikoko si sanduku la chuma. Ni ghala linalopumua. Kila siku huingiza na kutoa, na kinachobaki ni masalio madogo ya biashara kubwa. Kwa sababu hiyo hasa linaharibika upesi. Mwenye kupata shilingi mia na kutumia tisini huweka akiba kwa miaka mingi. Akipunguziwa mapato kidogo tu, akiba huanza kuliwa.

Mbele ya mikoko, katika maji mafupi ya Kunduchi, Mbudya na Bongoyo, pana ghala la pili lisilosemwa sana: mashamba ya majani ya baharini. Haya si mwani. Ni mimea kamili yenye mizizi, maua na mbegu. Mizizi yake hushikilia mchanga usichukuliwe na kusi, na majani yake hupunguza mwendo wa maji hata chembe zikatua. Mchana majani hayo hunywa hewa ya ukaa kwa kasi inayoweza kuibadili kemia ya maji yanayoyazunguka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden walionyesha, katika kazi iliyofanywa Ghuba ya Chwaka huko Unguja na kuchapishwa mwaka 2009, kwamba usanisinuru wa majani ya baharini huipunguza asidi ya maji kiasi cha kuisaidia miani yenye chokaa kujenga miili yake upesi zaidi. Kokoro linaloburutwa juu ya mashamba hayo haling'oi malisho ya tasi peke yake. Huyang'oa pia makazi ya kemia hiyo.

Kaboni ya jiwe

Kuna kaboni ya namna nyingine ambayo haifai kuchanganywa na hii. Matumbawe, chaza na konokono hujenga nyumba zao kwa kalsiamu kaboneti. Mwanafunzi mwepesi wa kuhesabu atasema kwamba hiyo nayo ni akiba inayopunguza hewa ya ukaa. Kemia inakataa. Mnyama anapoitengeneza kaboneti hiyo kutokana na bikaboneti mbili za majini, moja huwa jiwe na nyingine huachia hewa ya ukaa. Jiwe ni akiba ya kale, lakini kulijenga hakupunguzi hewa ya ukaa kama kufanyavyo kuzika jani.

Kulichoma jiwe hilo ndilo jambo la kuogopwa zaidi. Kilo 100 za kalsiamu kaboneti safi zikichomwa hutoa kilo 56 za chokaa na kilo 44 za hewa ya ukaa, mbali na moshi wa kuni. Kwa miaka mingi matumbawe ya pwani hii yalichimbwa na kuchomwa katika matanuu kwa kuni, zikiwemo za mikoko: hivyo ghala mbili zilivunjwa kwa moto mmoja. Kilima cha Wazo, ambako saruji imetengenezwa tangu mwaka 1966, ni mawe ya chokaa yaliyotokana na matumbawe ya kale. Taifa haliwezi kujenga bila saruji, wala hakuna anayedai hivyo. Lakini si haki hesabu ya taifa imtambue mwenye kulichoma jiwe, ambaye bidhaa yake hupimwa kwa tani, na ilisahau tope ambalo halijapata kupimwa katika mtaa wowote linakofukiwa.

Hoja ya mwenye kiwanja

Atasimama mtu na kusema: Tanzania inachangia sehemu ndogo mno ya hewa ya ukaa inayotolewa duniani. Kabla ya viwanda vya Ulaya, hewa ilikuwa na chembe 280 hivi za gesi hiyo katika kila milioni. Leo zimepita 420. Nyongeza hiyo haikutoka Mbweni wala Mtoni. Kwa nini basi mkazi wa Kijichi, aliyetafuta kiwanja kwa jasho, aambiwe alipie makosa ya wengine?

Hoja hiyo ina haki ndani yake, na haifai kupuuzwa. Ni kweli kwamba deni kubwa ni la nchi zilizotangulia kuchoma makaa na mafuta. Lakini tope hufanya kazi zaidi ya moja, na kazi zake haziwezi kutenganishwa. Tope lile lile lenye kaboni ndilo linalolea kamba na kaa. Mizizi ile ile inayozika majani ndiyo inayovunja nguvu za mawimbi. Mkazi wa Kunduchi hahitaji kuelezwa bahari ifanyavyo inapokosa kizuizi: katika miaka ya 1970 na 1980, wakati mchanga ulipokuwa ukichimbwa katika mito iliyokuwa ikiulisha ufuo, pwani hiyo ilimomonyoka hata majengo ya hoteli yakaharibika. Na aliyejenga juu ya tope lililofukiwa ndiye wa kwanza kuingiliwa na maji, kwa kuwa bonde halisahau njia ya mto. Hivyo anayelinda tope hamlipii mzungu deni lake. Analinda msingi wa nyumba ya Mtanzania.

Sheria nazo zipo. Mikoko yote ya Tanzania Bara ni misitu ya hifadhi. Mwaka 1987 serikali ilipiga marufuku ukataji wake, na mwaka 1991 ulikamilishwa mpango wa kuisimamia, uliotayarishwa chini ya uongozi wa Adelaida Semesi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, baada ya misitu hiyo kupimwa na kuonekana kuwa hekta 115,500 hivi. Visiwa vya Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini vilitangazwa kuwa hifadhi tangu mwaka 1975. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni mwa bahari na mito. Kinachokosekana si maneno ya sheria. Kinachokosekana ni watu wa mtaani wanaojua ni kitu gani sheria hiyo inakilinda. Askari wa misitu hawezi kusimama kila palipo mchu. Jirani aliyeelimika anaweza.

Ushahidi kwamba jambo hili lawezekana hauko mbali. Kijijini Gazi, katika pwani ya kusini ya Kenya, wananchi walianzisha mwaka 2013 mradi uitwao Mikoko Pamoja. Hekta 117 za mikoko hulindwa, kaboni yake hupimwa kwa msaada wa watafiti, na kiasi kinachookolewa huuzwa kwa wanunuzi wa nje. Fedha zake zimetumika kwa maji ya bomba na vifaa vya shule. Biashara ya namna hiyo ina hatari zake, na busara inataka kila mkataba usomwe mara mbili. Lakini somo la Gazi si la biashara kwanza. Ni kwamba kijiji hakikuweza kudai haki juu ya kaboni yake mpaka kilipojua ni kiasi gani. Asiyejua mali yake hupunjwa nayo.

Zamani majahazi yaliondoka pwani hii kwa upepo wa kusi yakiwa yamesheheni boriti za mikoko, yakazipeleka Arabuni kuezekea nyumba katika nchi zisizo na miti. Bei ya boriti kila mtu aliijua, kwa kuwa ilihesabiwa kwa korija. Tope ilimoota boriti hiyo halikuwa na bei, na mpaka leo halina.

Kazi iliyo mlangoni mwa shule

Ndipo inapoingia kazi ya mwalimu wa sekondari. Shule za Kinondoni na Temeke zina bahati ambayo shule nyingi za dunia hazina: ziko mwendo mfupi kutoka kwenye ghala lenyewe, na kalenda iko upande wao. Siku za bamvua, maji ya Dar es Salaam hukupwa kabisa karibu na saa nne au saa tano asubuhi, yaani wakati wa vipindi. Julai na Agosti shule zimefunguliwa, mvua ni chache na jua halichomi sana. Hakuna majira mazuri kuliko kipupwe kwa kuhamishia somo pwani.

Vifaa si vigumu. Kwa idhini ya ofisi ya misitu, kipande cha bomba la plastiki chenye urefu wa nusu mita hutosha kutoa mfano wa tope. Mfano hukatwa vipande kwa kufuata kina, huoshwa chumvi kwa maji baridi, hukaushwa, na kupimwa kwa mizani ya maabara. Kila kipande hugawanywa sehemu mbili. Sehemu ya kwanza hutiwa matone ya asidi ya haidrokloriki: ikitoa povu, pana kaboneti za makombe, isipotoa, kaboni iliyomo ni ya majani na mizizi. Sehemu ya pili huchomwa katika chombo cha kauri hadi weusi uishe, kisha hupimwa tena. Uzito uliopotea ni wa mabaki ya viumbe, na takriban nusu ya mabaki hayo ni kaboni. Kipimo hiki si cha ustadi wa juu, na penye makombe mengi moto ukizidi huweza kudanganya. Lakini chatosha kuonyesha tofauti kati ya tope la msituni na tope lililokaushwa la bwawa la chumvi lililo jirani.

Maji nayo yana somo lake. Mililita 25 za maji safi ya bahari, zikipimwa kwa asidi ya haidrokloriki ya moli 0.01 kwa lita na rangi ya methili oranji, hutumia karibu mililita 6 za asidi kabla ya rangi kugeuka. Mwanafunzi atakuwa ameipima bikaboneti ya bahari yake kwa njia ile ile aliyofundishwa kwa ajili ya mtihani. Kipimo cha pH kikitumika alfajiri na tena alasiri, katika dimbwi lenye majani ya baharini, kitaonyesha asidi ikipungua mchana kwa kazi ya usanisinuru. Vipimo hivyo vikirudiwa mwezi Machi, wakati wa joto, na tena mwezi Agosti, darasa litakuwa limejifunza majira ya bahari kwa mikono yake.

Kipimo kimoja cha darasa moja si sayansi bado. Lakini shule kumi zikipima mahali pale pale kila kipupwe, kwa namna ile ile, na kuyaweka matokeo katika daftari lisilopotea, baada ya miaka kumi patakuwapo kumbukumbu ambayo itawafaa hata watafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyoko Zanzibar tangu mwaka 1978, na wale wa uvuvi walioko Kunduchi. Jambo la muhimu zaidi, daftari hilo laweza kupelekwa ofisi ya kata siku ombi la kufukia hori litakapojadiliwa. Mbele ya bei ya kiwanja itawekwa namba nyingine, na wazee wa mtaa wataamua wakiziona zote mbili.

Kwa hiyo mambo matatu yatakiwa. Wenye kuandika vitabu waichore bahari ya Tanzania kwa majira yake, yaani kaskazi, masika, kusi na kipupwe, na chini ya ukanda wa buluu waongeze ukanda mweusi wa tope. Halmashauri zisitoe ruhusa yoyote ya kufukia au kuchimba penye mikoko kabla akiba iliyomo ardhini haijapimwa na kutangazwa. Na walimu wasingoje mtaala mpya: bamvua la Julai halingoji.

Kaboni iliyozikwa chini ya mikoko ya Mbweni na Mtoni ilikusanywa jani kwa jani, kupwa kwa kupwa, kabla jiji halijafika. Kuipoteza hakuhitaji zaidi ya malori machache ya vifusi na wiki moja ya kazi. Kuirudisha kutahitaji mamia ya miaka, na hakuna halmashauri inayopanga bajeti ya muda huo.